Mganga Msaidizi Amsaidia Nani?

Wenzangu watumishi wa Serikali,

Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze neno lililonisumbua moyo siku nyingi, nalo ni habari ya vijana wetu kujifunza kazi ya mganga msaidizi, ambaye siku hizi huitwa tabibu. Kwanza yanipasa kukiri kosa langu. Mtoto wa marehemu kaka yangu alipomaliza Kidato cha Nne alipata nafasi ya kujifunza utabibu, nami nikamzuia. Nilimwambia, "Mwanangu, usikubali kuwa msaidizi wa mtu. Ngoja, usome hata uwe daktari kamili." Kijana alinyamaza kwa adabu, akakaa mwaka mzima nyumbani kwangu hapa Dodoma bila kazi.

Mwaka huohuo mama yangu, akaaye kijijini upande wa Kongwa, alilalamika kwamba macho yamwuma kana kwamba yametiwa mchanga. Sisi tulidhani ni uzee tu. Alipopelekwa zahanati, tabibu kijana aliugeuza ukope wake, akaona makovu ya ugonjwa wa vikope, na kope zimepinda kuelekea ndani, zakwaruza jicho. Akamwandikia barua ya kwenda hospitali kupasuliwa ukope, naye akapona maumivu. Basi nikajiuliza: tabibu yule alikuwa akimsaidia nani? Daktari alikuwa mbali sana, wala hakuwa na habari ya mama yangu. Yule aitwaye msaidizi ndiye aliyesimama peke yake mbele ya mgonjwa.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Miaka ya 1920 Serikali ya Waingereza ilianza kufundisha madresa wa kutumwa katika zahanati za Serikali za Wenyeji, kwa maana madaktari walikuwa wachache na vijiji vilikuwa vingi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zahanati na vituo vya afya viliongezwa sana, na waganga wasaidizi wakafundishwa kwa wingi ili wavitumikie. Tangu zamani, basi, mgonjwa wa kijijini hukutana na mtu huyu kabla ya kumwona daktari, na mara nyingi hamwoni daktari kabisa.

Wako wasemao kwamba elimu yake ni nusu. Kijana hawezi kupokewa asipofaulu masomo ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Kisha husoma miaka 3, akajifunza maumbile ya mwili, dawa, magonjwa ya watoto na mambo ya uzazi, na kuwahudumia wagonjwa wodini chini ya macho ya walimu wake. Tena ulifanywa uchunguzi katika hospitali za Mwanza na Kigoma, na habari zake zilitangazwa mwaka 2009. Ulionyesha kwamba madaktari wasaidizi, ambao ni matabibu walioongeza miaka 2 ya masomo, waliwapasua kina mama wenye shida ya uzazi, na matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari kamili. Je, hiyo ni nusu ya elimu?

Lakini sisemi kwamba mafunzo hayo hayana upungufu. Kwa kuwa tabibu atakuwa peke yake, yafaa afundishwe mapema kufanya kazi mahali pa namna hiyo. Kijana atakayetumwa Ugogo na akae muda wa kutosha katika zahanati za nchi hii kavu, aone jinsi maji yanavyopatikana kwa taabu na jinsi nzi wanavyotua katika nyuso za watoto. Uchunguzi wa vijiji vya Kongwa, uliotangazwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba vikope vikali hupungua watoto wakinawishwa uso, pamoja na kutiwa dawa. Tabibu asiyejua mama hutembea umbali gani kuteka ndoo moja atawezaje kumshauri? Zaidi ya yote afundishwe kutambua mpaka wa uwezo wake, asione haya kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele. Barua kama hiyo ndiyo iliyoyaokoa macho ya mama yangu.

Kwetu sisi makarani na waalimu nina ombi moja. Tusiwapeleke katika kazi hii wale tu walioshindwa kwingine, na kuwaficha wenye akili kwa ajili ya vyeo vya ofisini. Mimi hukosea hesabu katika daftari, nikafuta, nikaandika tena. Tabibu hana kifutio.

Kijana wetu ameomba tena nafasi, nami nimempa baraka zangu na nauli.

Wasalaam,
Mimi mwenzenu,
Karani, Dodoma