Kizimba cha Ndama Kiwe Tayari Kabla Ng'ombe Hajazaa

Ndugu mfugaji, ng'ombe hubeba mimba kwa takribani siku 280. Ukiandika tarehe ya kupandisha, ndama hawezi kukukuta huna kizimba. Lakini bado wengi wetu tunamlaza ndama kwenye kona yenye mkojo na tope, kisha akiharisha tunakimbilia duka la dawa. Huku Nyanda za Juu Kusini, baridi ya Juni na Julai haimsamehe ndama aliyelowa.

Wiki mbili kabla ya kuzaa, hakikisha una:

- Kizimba cha ndama mmoja, mita 1.2 kwa 1.5, sakafu ya mbao iliyoinuliwa, paa lisilovuja na ukuta upande wa upepo.
- Nyasi kavu za kutandika, zibadilishwe kila zikilowa.
- Dawa ya iodini ya kuchovya kitovu mara anapozaliwa.
- Ndoo au chupa ya kunyweshea, safi.

Dang'a ndiyo kinga yake ya kwanza. Ndama wa kilo 35 apate lita 3 hadi 3.5 ndani ya saa 6 za mwanzo. Baada ya saa 24 utumbo wake haupokei tena kinga hiyo. Nawe mnunuzi wa maziwa, usimharakishe mfugaji: dang'a si ya kuuza.

Kwa maoni yangu, kama fedha ya kizimba haipo, ahirisha kununua ng'ombe wa pili. Mtamba unayemtunza leo ndiye ng'ombe wako wa pili.