Damu ya Mbwa Isisomwe kwa Viwango vya Binadamu

Mbwa anayelinda mialo ya samaki akidhoofika, damu yake huenda ikapelekwa katika maabara iliyoandaliwa kwa ajili ya watu. Mashine huihesabu bila kusita, kisha karatasi hutoka na alama ya tahadhari: chembe nyekundu ni ndogo mno. Asomaye kwa haraka ataandika dawa ya madini ya chuma. Kumbe ujazo wa kawaida wa chembe nyekundu ya mbwa ni femtolita 60 hadi 77 hivi, ilhali ya binadamu ni 80 hadi 100. Mnyama huyo hakupungukiwa chuma. Ana damu ya mbwa tu.

Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Mwanza, hivyo mkazi wa mjini hana kisingizio cha umbali. Visiwani ni jambo jingine. Damu iliyotolewa Ukerewe asubuhi na kuvuka ziwa bila kutenganishwa wala kupozwa hufika sukari yake imeshuka, kwa kuwa chembe huendelea kuila ndani ya chupa. Anayetibiwa hapo ni chupa, si mbwa.

Hatari kubwa zaidi imo katika chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Mbwa akipapatika, damu ikatoka kwa kusuasua, chembe hizo hushikamana, na mashine haiyatambui mafungu yake. Jibu husema zimepungua. Kwa kuwa kupe wa mbwa wamejaa kandokando ya ziwa, lawama huangukia Ehrlichia canis, na doksisaiklini huanza kwa siku 28. Hata kipimo cha kingamwili kikiitika, huthibitisha tu kwamba mbwa aliwahi kukutana na bakteria hao, pengine zamani. Wakati huo vimelea vya nagana, vinavyoenezwa na mbung'o, vyaweza kuwa vinaendelea kumla mbwa aliyetoka upande wa Serengeti.

Tone la damu juu ya kioo, likapakwa rangi ya Giemsa ileile inayotumika kutafutia malaria, lingeonyesha mafungu ya chembe sahani, na mara nyingi vimelea vyenyewe. Maabara yoyote inayopokea damu ya mbwa haina budi kulitazama tone hilo kabla ya kutia saini, na kuandika juu ya karatasi aina ya mnyama na saa damu ilipotolewa. Karatasi isiyo na mambo hayo daktari wa mifugo airudishe.