Mji Mkongwe Bila Wakaazi Wake?

Ndugu wasomaji, najua hoja hii itawaudhi baadhi yetu tulio nje. Nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, haziangushwi na mvua peke yake. Sisi warithi nasi tuna mkono wetu.

Hapa Brussels ninakoishi wenyeji walishayaonja haya. Mwaka 1965 walibomoa Maison du Peuple, kazi ya Victor Horta, pakasimama mnara wa ofisi. Mwaka 1967 ukaja mpango wa "Manhattan" karibu na stesheni ya Kaskazini. Zaidi ya watu 10,000, wengi makabwela na wahamiaji, wakaondolewa kupisha minara, na viwanja vingi vikakaa vitupu miaka na miaka. Kuuharibu mji namna hiyo mpaka leo kunaitwa "bruxellisation". Sifa gani hiyo jamani!

Lakini serikali ilipotaka kubomoa sehemu ya Marolles mwaka 1969 ili kupanua majengo ya mahakama, walalahoi wa mtaa ule walikataa, na wakashinda. Kisha wakafanya maziko ya mzaha: marehemu alikuwa bwana Mjenzi-Tajiri na mkewe mwaminifu, bibi Urasimu.

Mwaka 2000 UNESCO iliingiza katika Urithi wa Dunia nyumba nne za Horta na Mji Mkongwe wetu, mwaka mmoja. (Moja ya hizo nne ilijengewa Edmond van Eetvelde, msimamizi wa Kongo ya Leopold II. Fedha zilitoka wapi, mnajua.) Nyumba ya Horta mwenyewe sasa ni makumbusho, na haidhuru kitu, ni nyumba moja. Mji mzima ukiwa hivyo je?

Baada ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, nyingine ni za wakfu, na zilizobaki zina warithi Muscat, Dubai, London na huku. Kodi haitoshi hata chokaa ya dari. Warithi kumi na wawili hatukubaliani juu ya mfereji mmoja wa maji ya mvua, lakini akija mnunuzi wa hoteli, kwa siku moja sote tunakuwa ndugu! Beit al-Ajaib ilipoporomoka 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, tulilia. Nyumba ya kawaida ya Malindi ikimeguka, nani analia?

Wapo watakaosema watu wana fleti za Michenzani, zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Sawa, ni makazi ya heshima. Ila sitaki mji ambao mwenyeji wake analala Michenzani na kuingia Mji Mkongwe asubuhi kufagia hoteli.

Napendekeza warithi tuteue msimamizi mmoja kwa kila nyumba, kodi iingie kwanza kwenye paa, na tukitaka kuuza, anayeishi ndani aulizwe kabla ya mgeni. Anayepinga alete hoja.

Nawasilisha.