Fibrome: uzazi wa bure unaanza na mimba, lakini shida inaanza mbele yake

Mwezi wa 9 mwaka 2023, Leta ilitangaza Kinshasa kama mwanamuke mwenye mimba atazaa bila kulipa. Programu hiyo ya uzazi wa bure, iliyo ndani ya mupango wa afya kwa wote (CSU), inashika vipimo vya mimba, kuzaa kwa njia ya kawaida, kuzaa kwa kupasuliwa, na matunzo ya mutoto mupaka siku 28. Ilianza Kinshasa, kisha ikaendelea pole pole katika majimbo mengine. Ni hatua kubwa kwa inchi ambamo mama anaweza kuzuiliwa lopitale pamoja na mutoto wake juu ya faktire.

Lakini kuna wamama ambao mupango huu hauwaoni. Ni wale wanaotafuta mimba mwaka wa pili, wa tatu, wa tano, na siku moja ekografi inaonyesha kitu: fibrome. Wao shida yao iko mbele ya mimba, na bure inaanza kisha mimba kushika. Kwa hiyo ekografi wanalipa, vipimo vya damu wanalipa, operesheni wanalipa, na mara nyingi hesabu inatolewa kwa dola. Katika familia pia ni vile vile: tumbo likionekana kila mutu anakuja na zawadi, tumbo lisipoonekana mwanamuke anabaki peke yake na maneno ya watu.

Kuwa na fibrome si kusema hauzai

Fibrome ni kinundu kinachoota katika nyama ya kizazi. Si kansere, na kugeuka kansere ni jambo la nadra sana. Inakulishwa na homoni za mwanamuke, njo maana inaonekana zaidi kati ya miaka 30 na 50, na kisha mwezi kukatika kabisa inaanza kusinyaa. Utafiti mumoja wa Marekani uliotoka mwaka 2003 ulionyesha kama, kufika miaka 50, karibu wanawake weupe 70 katika 100, na weusi zaidi ya 80 katika 100, wanakuwa na fibrome. Wanawake weusi wanaipata mapema zaidi, na mara nyingi inakuwa nyingi na kubwa.

Hesabu hiyo inatufundisha jambo moja. Kama fibrome ni ya kawaida vile, basi wengi kati ya mama zetu na shangazi zetu waliozaa watoto sita ao saba walikuwa nayo pasipo kujua. Ekografi ikionyesha fibrome kwa mwanamuke wa miaka 38 anayetafuta mutoto, bado haijaonyesha sababu ya kukosa mutoto. Wataalamu wanakadiria kama, kati ya wanawake 100 wenye shida ya kupata mimba, ni 2 ao 3 tu ambao fibrome ndiyo sababu yao ya pekee.

Ulizo la kwanza kwa munganga, basi, ni hili: iko wapi? Ukubwa unafuata nyuma. Tufikiri kizazi sawa nyumba. Kuna fibrome inayoota inje ya ukuta: hiyo inaweza kuwa kubwa sawa embe, ikasukuma kibofu na kumusumbua mama kwa kukojoa kila saa, lakini mara nyingi haizuii mimba. Kuna ile iliyo ndani ya ukuta wenyewe: hiyo inategemea, zaidi sana kama ni kubwa na imepindisha chumba. Na kuna ile inayoingia ndani ya chumba, pale mutoto anapaswa kukaa. Hiyo, hata ikiwa ndogo sawa karanga, inaweza kuzuia mimba isishike ao kuitoa mapema. Wanganga wanazipanga kwa namba, kuanzia 0 mupaka 8. Namba 0, 1 na 2 ndizo za ndani ya chumba. Mama anaweza kuomba munganga aandike namba hiyo kwenye karatasi ya ekografi. Karatasi inayosema tu "kizazi kina fibrome" haisaidii mutu kuamua.

Bwana naye alipimwa?

OMS ilitangaza mwaka 2023 kama karibu mutu mumoja katika 6 duniani anapata shida ya kuzaa wakati fulani wa maisha yake. Na katika ndoa zenye shida hiyo, karibu nusu mwanaume naye ana sehemu yake: peke yake ao pamoja na muke. Lakini kwetu nani anatumwa kupima? Ni mama. Bwana anasema "mimi niko muzima", kwani nguvu za kitanda anazo, ao kwani ana mutoto wa inje. Nguvu za kitanda na mbegu ni vitu viwili tofauti, na mutoto aliyezaliwa miaka 10 iliyopita hatoi habari ya mbegu za leo. Spermogramu ni kipimo chepesi, hakina sindano wala kisu, na bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya operesheni.

Kuna tena mirija, ile wanganga wanaita trompe. Utafiti mukubwa wa OMS wa miaka ya 1980 ulionyesha kama Afrika kusini ya Sahara ilikuwa na mirija iliyozibwa na ambukizo kuliko sehemu zingine za dunia. Ambukizo hizo zinatoka kwa magonjwa ya zinaa yasiyotunzwa, kwa mimba iliyotolewa ovyo, ao kwa uzazi uliofanyika katika uchafu. Mama mwenye mirija iliyozibwa akitolewa fibrome, atabaki na kovu, na deni, na mimba haitakuja.

Hapa njo pesa nyingi inapotelea. Mutu anauza kiwanja, familia inachanga, operesheni inafanyika, na kisha miaka miwili njo bwana anapimwa kwa mara ya kwanza. Njia nzuri inaenda kinyume: kwanza vipimo vidogo kwa watu wawili, kisha picha ya mirija, na mwisho, kama inahitajika, kisu.

Maombi, majani na wakati

Utafiti wa EDS wa 2013-2014 ulikuta kama mwanamuke wa Kongo anazaa kwa wastani watoto 6,6. Katika inchi ya vile, asiyezaa anahesabiwa sawa mutu aliyefungwa. "Tumbo yake waliifunga," wanasema wifi zake. Mama mukwe anasema alitoa mimba zamani. Muchungaji anasema ni roho ya babu. Muganga wa majani anasema atayeyusha lile jiwe kwa siku 21.

Hatutaki kucheka imani ya mutu. Maombi yanatia nguvu, na hayakatazi ekografi. Lakini majani yaliyohakikishwa kuyeyusha fibrome hayajapatikana. Na kuna desturi moja ya hatari: kuingiza dawa huku chini, ao kujipiga lavema ya majani makali kila juma. Dawa ile inaweza kuunguza na kuleta ambukizo, na ambukizo njo inayoziba mirija. Vile mama aliyekuwa na shida moja anabaki na mbili.

Kitu kingine kinachopotea ni wakati. Mayai ya mwanamuke yanapunguka, zaidi sana kisha miaka 35. Mwenye miaka 26 na fibrome ndogo ya inje anaweza kungoja na kuendelea kutafuta. Mwenye miaka 37 ambaye mimba zimetoka mara mbili hana miaka mitatu ya kuzungusha kati ya chumba cha maombi na duka la majani.

Kisu: kinachopaswa kusemwa mbele

Kuna operesheni mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza inatoa fibrome na kuacha kizazi. Wanganga wanaiita miyomektomi. Ya pili inatoa kizazi chote, na pale habari ya mimba imekwisha. Mwanamuke anayetafuta mutoto anapaswa kusikia neno hilo waziwazi mbele ya kutia sahihi: munganga atatoa nini, na je, damu ikitoka kupita kiasi, inaweza kufika kutoa kizazi ili kuokoa maisha? Swali hilo si kukosa adabu mbele ya munganga. Ni haki ya mugonjwa.

Fibrome ya ndani ya chumba inaweza kutolewa kwa kupitia njia ya uzazi, na kamera ndogo, bila kufungua tumbo. Vifaa hivyo ni vichache kwetu. Njo maana mwenye uwezo anavuka: wa Lubumbashi anapita Kasumbalesa kwenda Zambia, wa Kivu anaangalia Kigali ao Kampala, wengine wanafika India. Asiye na uwezo anafunguliwa tumbo, ao anabaki vile.

Operesheni ya tumbo inatoa damu, na mama wa fibrome mara nyingi anaingia tayari amepungukiwa damu, kwani mwezi wake unadumu siku nane, kumi. Kumutia katika chumba cha operesheni pasipo kupima damu yake ni kucheza na maisha. Vidonge vya chuma (fer) kwa majuma kadhaa ni dawa ya bei ndogo, na vinaweza kumuondolea hitaji la kuongezwa damu ya mutu mwingine. Sindano za kupunguza fibrome zipo pia, lakini wakati wa sindano mimba haishiki, na zikiachwa fibrome inarudia ukubwa wake.

Kisha miyomektomi, kovu linahitaji kupona: wanganga wengi wanaomba kungoja miezi 3 mupaka 6, mara ingine mwaka. Na fibrome zingine zinaweza kuota tena. Kwa hiyo wakati wa kutafuta mimba ni ule baada ya kupona. Kuuacha upite miaka ni kurudi mwanzo.

Mimba ikishika

Mama wengi wenye fibrome wanabeba mimba mupaka mwisho na kuzaa mutoto muzima. Watu wanawatisha kama fibrome "itakula mutoto". Haili mutoto. Mara nyingi haikui hata. Ikikua, ni zaidi katika miezi ya kwanza. Kinachoweza kufika ni maumivu makali, pale fibrome inakosa damu ya kuitosha. Munganga anatoa mapumziko na parasetamoli. Ibuprofene na diklofenake, ambazo watu wananunua kwa barabara sawa pipi, mama mwenye mimba asizimeze bila munganga, zaidi sana kisha wiki 20: zinaweza kuharibu figo na moyo wa mutoto.

Hatari zingine zinajulikana: mutoto kulala vibaya, kondo kukaa chini, uchungu kuanza mbele ya wakati, na kisha kuzaa, kizazi kushindwa kujibana, damu inatiririka. Damu hiyo njo inayoua. Mama mwenye fibrome kubwa, ao aliyekwisha kupasuliwa fibrome, asizalie katika kituo kidogo kisicho na munganga wa kupasua wala damu. Tena aliyepasuliwa aweke vizuri karatasi ya operesheni ile, kwani munganga atakayemuzalisha anahitaji kujua kovu linafika wapi. Kama kisu kilipita nyama yote ya kizazi, kuna hatari kovu kupasuka wakati wa uchungu, na munganga atapanga sezariene mbele.

Hapa programu ya bure inaweza kusaidia kweli, kwani mimba iko na kupasuliwa kunahesabiwa. Lakini inasaidia ule aliyefika pale.

Leta inaweza nini?

Mwezi wa 11 mwaka 2025, OMS ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia juu ya shida ya kuzaa, na kuomba inchi ziingize matunzo hayo ndani ya mipango yao ya afya. Kongo pia ina deni lake yenyewe: Protokole ya Maputo, iliyochapishwa katika gazeti rasmi la Leta mwaka 2018. Kila mara tunabishana juu ya kifungu chake cha 14 kwa sababu ya habari ya kutoa mimba. Kifungu hicho hicho kinasema kama mwanamuke ana haki ya kuamua kuzaa ao kutozaa. Haki ya kuzaa ni nini, kama mutu hawezi kulipa hata ekografi ya kujua kinachomuzuia?

Hatuombi Leta ilipie kila mutu safari ya India. Tunaomba vitu vitatu vidogo. Kwanza, ekografi, kipimo cha damu na spermogramu viingie katika bei iliyopangwa ya lopitale za Leta, kwa ndoa inayotafuta mutoto kupita mwaka mumoja. Pili, vidonge vya chuma vitolewe kwa mama anayetoka damu nyingi, hata kama hana mimba. Tatu, katika kila jimbo lopitale moja iwe na damu ya kutosha na munganga aliyefundishwa kutoa fibrome bila kutoa kizazi.

Na kuna kitu ambacho hakingoji budjeti ya Kinshasa. Siku muke anaenda kupimwa, bwana aende naye, naye apimwe siku ile ile. Hapo mama mukwe atapata jibu la kweli, na pesa ya familia itaenda pale ugonjwa uko.