Kupita bila kupingwa si ushindi

Wasee, mwanasiasa "akipita bila kupingwa" watu hupiga makofi. Mimi sipigi.

Cheki Wales. Tarehe 5 Mei 2022, vijana wa miaka 16 na 17 waliruhusiwa kuchagua madiwani kwa mara ya kwanza. Poa sana, ama? Huku kwetu lazima ufike 18, na kipande mkononi. Lakini Gwynedd, kaunti ya milima na vimji vidogo, viti 28 kati ya 69 havikuwa na mpinzani. Hakuna karatasi, hakuna debe, diwani ashaingia. Dogo amepewa haki leo, kesho anaambiwa haihitajiki.

Na usiniambie eti watu wa wadi hizo wameridhika. Umejuaje, na hukuwauliza?

Dawa iko kwa jirani. Scotland mwaka wa 2003 viti 61 vilienda hivyo hivyo. Kufika 2007 wakabadilisha mfumo: wakati huo wadi moja ilichagua madiwani 3 au 4, nawe unawapanga 1, 2, 3. Viti bila mpinzani mwaka huo? Sufuri.

Sheria ya Wales ya 2021 inaruhusu kila kaunti ichukue mfumo huo. Shida ni kwamba lazima theluthi mbili ya madiwani wenyewe wakubali. Yaani fisi ndiye anaulizwa kama bucha iwekwe kufuli! Swali hilo wapelekewe wapigakura, na wale wa miaka 16 wakiwemo.