Mtungi wa Dizeli Hauwi Tena wa Maji

Emali ni njia panda. Barabara kuu ya Nairobi–Mombasa inapita katikati, ile ya Loitokitok inachepuka hapo, malori yanalala, na maji ni ya kununua. Bomba la Nolturesh linaloshuka kutoka miteremko ya Kilimanjaro likinyamaza siku mbili, mwenye punda na mkokoteni ndiye mheshimiwa. Chombo cha kazi zote ni mtungi wa manjano wa lita 20: leo mafuta ya kupikia, kesho petroli ya pampu ya shambani, kesho kutwa maji ya mtoto. Anayekuuzia mtungi mtumba ana jibu kwa kila wasiwasi wako, na majibu hayo ndiyo ninayotaka kuyapinga.

"Umesuguliwa kwa mchanga na sabuni, hauna kitu." Kama ulibeba mafuta ya kupikia, sina ugomvi mkubwa naye. Chembe za mafuta hayo ni kubwa, nyingi hubaki juu ya plastiki, na maji moto yenye sabuni ya unga huzing'oa. Mchanga wenyewe siupendi, kwa sababu huacha mikwaruzo ambamo utelezi na vijidudu hujificha safari ijayo.

Dizeli na petroli ni habari nyingine. Ugeuze mtungi, utaona chini pembetatu yenye namba 2: hiyo ni polithini nzito, plastiki ambayo kwa kemia yake ni jamaa wa karibu wa mafuta hayo. Kwa hiyo hayatulii juu. Yanapenya hadi ndani ya ukuta. Bonyeza ubavu wa mtungi uliokaa na petroli miezi mingi, utaukuta umelegea na kuvimba. Watengenezaji wa magari wanalijua hili vizuri, ndiyo maana matangi ya plastiki ya petroli huwekewa utando wa kuzuia katikati ya tabaka zake au hutiwa kinga nyingine, la sivyo mvuke ungepita ukutani. Mtungi wa Emali hauna utando huo. Mchanga unasugua uso. Kilichoingia ndani haukifikii.

"Suuza kwanza kwa petroli au mafuta taa, yataondoa dizeli." Yataondoa ya juu, kweli, kisha yatapenya yenyewe, tena petroli hupenya upesi zaidi kuliko dizeli. Umebadilisha mgeni tu. Na anayefanya hivyo karibu na jiko asitafute wa kumlaumu.

"Uweke juani au uutie maji ya moto, mafuta yatatoka." Hoja hii ina ukweli, na mfano wake bora uko mbali kidogo. Wachezaji wa boling hutumia matufe ya poliurethani na resini yanayofyonza mafuta yanayopakwa kwenye njia ya kubingirishia, yale ya kutelezesha tufe. Tufe likishiba hupoteza mshiko, basi mwenyewe hulitumbukiza katika maji moto yenye sabuni, na mafuta hutoka yakielea juu. Joto hurudisha nje kilichofyonzwa. Lakini hutoa sehemu tu, na tufe likibaki na mafuta kidogo hakuna anayelinywea maji. Mtungi nao hauvumilii joto kubwa: maji yanayotokota huulegeza na kuupinda.

"Tia dawa ya klorini." Klorini huua vijidudu. Haiyeyushi dizeli, na uchafu uliobaki huila klorini yenyewe kabla haijafanya kazi yake.

"Haunuki tena, basi ni safi." Hili ndilo linalonitisha zaidi. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo chake katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Kabla pua haijainusa benzini yenyewe majini, kikomo hicho kimeshapitwa mara nyingi. Harufu ikiwapo, kataa mtungi. Isipokuwapo, bado hujathibitisha lolote. Kuchemsha maji kutafukuza sehemu nyepesi za petroli, ila dizeli na mafuta ya injini ni mazito na mengi yatabaki sufuriani.

Mtungi wa dawa ya kupe au ya kunyunyizia mimea hauna mjadala. Dawa nyingi za namna hiyo huchanganywa na viyeyusho vinavyoingia plastiki kama petroli. Husuuzwa mara tatu, hutobolewa, haurudi jikoni.

Wenye pampu na bodaboda, ipakeni mitungi yenu ya mafuta rangi nyekundu shingoni, na isichanganywe na mingine hata ikioshwa. Nawe mnunuzi, uliza ulibeba nini kabla ya kuuliza bei. Muuzaji akishindwa kujibu, mwachie mtungi wake.