Baba Juu, Watoto Chini

Baba mmoja wa hapa Mtawanya ameniuliza: akisafiri na ahali yake kwa boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, je, yafaa yeye akae daraja la juu, penye viti vipana, na mkewe na watoto daraja la kawaida?

Tiketi si haramu. Lakini safari ile ni kama saa mbili, na wakati wa kusi bahari huchafuka. Mama mwenye mchanga kifuani na wa pili anayetapika ana mikono miwili tu. Ikiwa fedha yatosha kiti kimoja cha juu, mstahiki ni mama na mchanga wake, na baba abaki chini na wakubwa.

Tena kuna chakula. Amepokea Abu Daud kwamba Masahaba walimshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa wanakula wala hawashibi. Akawauliza kama labda wala mbali mbali; walipokiri, akawaamrisha wakusanyike na wamtaje Mwenyezi Mungu. Basi kikapu cha wali na kamba wa Rufiji kitafunguliwa wapi? (Nimemwona mtoto akimpelekea babake andazi, akarudishwa mlangoni kwa tiketi yake.)

Aliyelipiwa daraja la juu na mwajiri wake hana lawama; ila wakati wa kula ashuke.